Kigingi, Msalaba na Kitunguu Saumu: Uzoefu Wangu na Kozi ya Sauti Kuhusu Chimbuko la Udhaifu wa Vampaya

Nimemaliza kusikiliza kozi ya sauti inayoeleza chimbuko la mambo yanayosemekana kumshinda vampaya, yaani mfu anayeaminika kutoka kaburini na kunyonya damu ya walio hai: kigingi cha moyoni, msalaba, kitunguu saumu, kioo na mwanga wa jua. Inauzwa mtandaoni kwa Kiingereza, inalipiwa mara moja tu, na kila somo huja na maandishi yake. Ninaiandikia tathmini hii kwa sababu ni nadra kupata maelezo ya jambo hili yasiyokusudia kumtisha msikilizaji, na kwa sababu kozi hii, pamoja na kasoro zake, imenidhihirishia jambo ambalo filamu hazilisemi: kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita udhaifu wa vampaya ilianza kama namna ya watu waliofiwa kushughulika na maiti ya jirani yao.

Mkufunzi anaanzia mahali panapostahili, yaani kijiji cha Kisiljevo nchini Serbia mwaka 1725, wakati eneo hilo likiwa chini ya utawala wa Wahabsburg, ukoo wa kifalme wa Austria. Mkulima Petar Blagojević alifariki, na baada yake wakafa watu tisa ndani ya siku nane, nao walisema wakiwa wagonjwa kitandani kwamba marehemu aliwajia usingizini akawakaba. Wanakijiji walimwambia afisa wa dola, Frombald, kwamba wangekihama kijiji iwapo hawangeruhusiwa kulifukua kaburi, naye akakubali kuwapo. Taarifa yake, iliyochapishwa Vienna mwaka huo huo, inaeleza kwamba nywele, ndevu na kucha zilionekana kuwa zimeota, ngozi ya juu ilikuwa imebambuka na ya chini ikaonekana mpya, na mdomoni mlikuwa na damu mbichi. Walichonga kigingi wakakipitisha moyoni, damu ikatoka masikioni na mdomoni, kisha wakauteketeza mwili.

Hapo ndipo thamani ya kozi inapoonekana. Mkufunzi anairudia taarifa hiyo kipengele kwa kipengele na kueleza kinachotokea kwa mwili uliozikwa: gesi hujaa tumboni na kusukuma majimaji meusi mekundu hadi mdomoni, ngozi hunywea na kuzifanya kucha zionekane ndefu, na ngozi ya juu hujitenga na ile ya chini. Kwa hiyo Frombald hakusema uongo, wala wanakijiji hawakuwa wapumbavu. Waliona walichokiona, wakakieleza kwa maarifa waliyokuwa nayo, huku watu wao wakizidi kufa. Nimethamini sana heshima hiyo, kwa kuwa waandishi wengi wa mambo haya huwacheka watu wa vijijini kana kwamba msiba wao ni kichekesho.

Kuhusu kigingi chenyewe, somo linaeleza kwamba mara nyingi kazi yake ilikuwa kuubana mwili ardhini usiinuke, na ushahidi wa makaburi unaliunga mkono. Huko Drawsko nchini Poland, katika makaburi ya karne ya 17 na ya 18, wanaakiolojia walikuta mifupa yenye mundu uliolazwa shingoni, na huko Pień, pia Poland, mwaka 2022 ulipatikana mwili wa mwanamke mwenye mundu shingoni na kufuli kwenye kidole cha mguu. Uchunguzi wa kikemia uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu wa Drawsko waliozikwa hivyo walikuwa wenyeji wa hapo hapo, si wageni. Taarifa hiyo moja ilinifikirisha kuliko nyingine zote, maana ina maana kwamba aliyeulaza mundu ule huenda alimfahamu marehemu kwa jina na kwa sauti.

Dini inaingia kupitia aina ya mti. Waserbia walipendelea mti wa miiba waitao glog, na imani inauhusisha na taji la miiba la Yesu. Mkufunzi anatoa mfano wa Kringa, katika rasi ya Istria nchini Kroatia ya leo, ambako mwaka 1672 watu walilifukua kaburi la Jure Grando, aliyekuwa amefariki mwaka 1656. Mwanahistoria Valvasor, aliyeandika kisa hicho mwaka 1689, anasema walimwelekezea msalaba, wakajaribu kumchoma kwa kigingi cha mti huo kikadunda, na mwishowe wakamkata kichwa. Katika kisa hiki msalaba, mti na chuma vimetumika pamoja, mbali kabisa na ile hali ya filamu ambapo kuonyesha msalaba peke yake kunatosha.

Somo la Ugiriki ndilo bora kuliko yote, na ndilo fupi kuliko yote, jambo lililonisikitisha. Wagiriki walimwita mfu wa aina hii vrykolakas, na fundisho lililoenea kwao lilikuwa kwamba mwili wa mtu aliyetengwa na Kanisa hauozi mpaka apate ondoleo. Kwa hiyo dawa ya kwanza haikuwa silaha bali kasisi kusoma sala ya kumfungua marehemu, ili udongo uukubali mwili wake. Siku ya kufukua ilikuwa Jumamosi, kwa sababu waliamini kwamba siku hiyo vrykolakas hatoki kaburini. Mtu akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini vitu vitakatifu vilipewa nguvu juu ya vampaya: suala lilikuwa ni uhusiano wa marehemu na Kanisa lake, na ni Kanisa lililoweza kuurekebisha.

Katika somo hilo mkufunzi anasimulia aliyoyaona Tournefort, mtaalamu wa mimea aliyetumwa na mfalme wa Ufaransa, alipokuwa kisiwani Mykonos mwishoni mwa mwaka 1700. Watu waliutoa moyo wa marehemu wakauchoma ufukweni, na usumbufu ulipozidi wakaenda kuchomeka panga zilizochomolewa juu ya kaburi. Mualbania mmoja aliyekuwapo akawaambia kwamba wanakosea, kwa sababu mpini wa upanga wa Kikristo una umbo la msalaba na unamzuia shetani asitoke mwilini. Afadhali watumie panga za Kituruki. Hatimaye waliuteketeza mwili wote mwanzoni mwa mwaka 1701. Ninaipenda simulizi hii kwa sababu inawaonyesha watu wakijadiliana kwa dhati, kila mmoja na hoja yake, kuhusu namna msalaba unavyofanya kazi.

Sikukubaliana na mkufunzi katika suala la vampaya kushindwa kuingia nyumbani bila kukaribishwa. Anadai kwamba chanzo chake ni imani ya kisiwa cha Chios iliyoandikwa na msomi Mgiriki Leo Allatius mwaka 1645, kwamba mfu hubisha hodi usiku akimwita mtu kwa jina mara moja tu, na anayeitika hufa, ndiyo maana wenyeji walisubiri kuitwa mara ya pili. Imani hizo mbili zina undugu, lakini moja inahusu kuitika na nyingine inahusu kupewa ruhusa, na kozi makini ilipaswa kuacha nafasi baina yake.

Kitunguu saumu kimeelezwa kwa ufupi wa kutosha. Nchini Romania, usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, watu walikipaka milangoni na madirishani kuwazuia strigoi, yaani wafu wasumbufu wa imani ya Kiromania. Harufu kali kama kinga ni wazo la kale sana, na tayari Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kwamba harufu yake hufukuza nyoka na nge. Mbegu zilizomwagwa kaburini ili mfu azihesabu mpaka alfajiri zimetajwa tu na kupitwa.

Jua na kioo ni habari nyingine, na hapa kozi imefanya kazi nzuri ya kutenganisha imani ya watu na kazi ya wasanii. Vijijini mpaka wa usiku ulikuwa kuwika kwa jogoo, na katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 Dracula anatembea London mchana bila kudhurika isipokuwa kupungukiwa nguvu zake. Kufa kwa mwanga wa jua kulienezwa na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Kioo kisichoonyesha sura ya vampaya nacho kinatoka kwa Stoker, ingawa nyuma yake ipo desturi ya kufunika vioo katika nyumba yenye msiba. Kasoro kubwa imo humo humo: mkufunzi anarudia madai kwamba kioo kilimkataa vampaya kwa sababu kilipakwa fedha, ambayo ni madini safi. Vioo vya karne zilizotangulia vilipakwa bati na zebaki, na upakaji wa fedha ulitokana na ugunduzi wa mkemia Mjerumani Justus von Liebig wa mwaka 1835. Kosa la namna hiyo linaumiza katika kozi inayojivunia usahihi.

Somo la mwisho linahusu mji wa Exeter, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, ambako mwaka 1892 mwili wa Mercy Brown, aliyefariki kwa kifua kikuu, ulitolewa kaburini, moyo ukachomwa, na kaka yake mgonjwa Edwin akanyweshwa majivu yake. Alifariki muda mfupi baadaye. Ilikuwa jamii ya Kiprotestanti, na katika habari zake hakuna msalaba wala maji ya baraka. Kilichobaki ni moyo na moto. Mkufunzi hakulizungumzia hilo, lakini mimi naliona kuwa ushahidi mzuri kuliko wote kwamba dini ya mahali ndiyo iliyoamua silaha za kumkabili mfu.

Kwa upande wa huduma, sauti ni safi na mafaili yanapakuliwa bila shida, ila maandishi yanakosea majina ya Kiserbia na Kigiriki mara kwa mara, wala hakuna ramani. Msomaji wa pwani anayetarajia habari za mumiani hatazipata, na nadhani ni sawa, maana uvumi ule wa enzi za ukoloni uliwahusu watu walio hai waliodaiwa kufanya kazi ya kuvuna damu, si wafu waliotoka makaburini. Ninaipendekeza kozi hii kwa wanaosomea historia, dini au fasihi simulizi. Msikilizaji aanze na masomo ya Serbia na Ugiriki, na somo la kioo alisikilize kwa tahadhari mpaka watengenezaji watakapolisahihisha.