Mkanda wa mpira wa kubana kiuno: kwa gauni sawa, kwa kupungua hapana

Mkanda huu una safu 3 za kulabu. Anza na safu iliyolegea zaidi, ufunge kutoka chini kwenda juu. Mshono ni mzuri, ila ncha za vyuma vya pembeni hutoboa kitambaa na kuchoma chini ya titi, hasa ukikaa. Kiuno huonekana chembamba ukiwa umeuvaa tu. Ukiuvua, mwili unarudi ulivyokuwa. Jasho linalotoka ni maji, si mafuta, hata matangazo yaseme nini. Ukila umebanwa, asidi ya tumbo inasukumwa juu, kiungulia kinaanza. Ndani vaa fulana ya pamba, maana mpira huwasha ngozi. Kulala nao, hapana. Na ile saizi ndogo inayolengwa kwa wasichana isingepaswa kuuzwa kabisa.