Pikipiki ya cc 400 hadi 700: kabla ya kuuliza ina farasi wangapi, uliza inachaji vipi

Kati ya malalamiko yote ninayopokea kutoka kwa wasomaji wenye pikipiki za injini ya kati, moja linajirudia kuliko mengine, na wala si la injini. Ni nadra mtu kuniandikia kwamba pistoni imekwama au gia zimesagika. Wanaandika hivi: pikipiki ilikuwa nzima asubuhi, njiani taa zikaanza kufifia, dashibodi ikazima na kuwaka, kisha injini ikakata na haikuwaka tena. Wakanunua betri mpya. Baada ya muda mfupi yakawa yale yale, wakanunua nyingine. Muuzaji akawaambia betri haimo kwenye waranti, na fundi akawaambia pikipiki hii "inakula betri", kana kwamba ndivyo ilivyoumbwa.

Hakuna pikipiki iliyoumbwa kula betri. Kuna pikipiki ambayo mfumo wake wa kuchaji umekufa au unakufa, na mwenye nayo hajaambiwa.

Kwa hiyo farasi (nguvu ya injini), rangi, kimo cha kiti na ulaji wa mafuta sitavigusa sana. Hivyo utavijua mwenyewe ukikaa juu yake na kuiendesha, na pikipiki za daraja hili karibu zote zina nguvu ya kutosha mtu, mwenzake na mizigo yao. Nitakaa kwenye chaji, kwa sababu ndiyo inayolaza watu barabarani.

Kinachotokea chini ya kiti

Injini inapozunguka, sumaku iliyofungwa kwenye kranki inazunguka pamoja nayo kando ya koili za waya wa shaba. Koili hizo zinatoa umeme wa AC, unaogeuka mwelekeo kila mara, kupitia nyaya tatu, mara nyingi za njano zote. Nyaya zinaingia kwenye rektifaya, kile kiboksi cha alumini chenye mapezi. Rektifaya ina kazi mbili: kuugeuza umeme huo kuwa DC, wa mwelekeo mmoja kama wa betri, na kuuzuia usipite volti 14 na ushei kabla haujafika kwenye betri.

Shida iko kwenye hiyo kazi ya pili. Pikipiki nyingi zinatumia rektifaya ya shanti. Sumaku ya kudumu haina namna ya kupunguzwa nguvu, kwa hiyo kadiri injini inavyokimbia ndivyo koili zinavyozalisha, utake usitake. Umeme usiohitajika rektifaya inaushorti na kuurudisha kwenye koili zile zile. Ni kama bomba lililofunguliwa hadi mwisho: ndoo ikijaa, bomba halifungwi, maji yanamwagwa tu. Hapa kinachomwagwa ni joto, na joto hilo linapika koili, linapika rektifaya, na linapika soketi ya plastiki inayoziunganisha.

Ndiyo maana ushauri wa "weka taa za LED upumzishe mfumo" haufai kwenye shanti. Ukipunguza matumizi, koili hazipumziki hata kidogo. Rektifaya ndiyo inayoongezewa ziada ya kumwaga. Taa za LED zinakusaidia pale tu unapotaka kubakiza umeme kwa ajili ya kitu kingine, kama vipasha joto vya mikono au taa za ziada.

Ipo rektifaya ya aina ya pili, ya siriesi. Hii inakata njia ya umeme pale betri inaposhiba, koili zinapumzika, joto linashuka. Shindengen, kampuni ya Kijapani, inatengeneza aina zote mbili: SH775 na SH847 ni za siriesi, na FH020 ni shanti ya kisasa inayotumia transista za MOSFET, ambayo haipati moto kama zile za zamani. Ukiona mojawapo ya namba hizo kwenye pikipiki iliyotumika, muulize mwenye nayo aliifunga lini na kwa nini. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu maisha ya pikipiki hiyo.

Nenda na mita, usiende na macho tu

Mita ya umeme ya kawaida inatosha. Injini ikiwa imezimwa, betri yenye afya inasoma karibu volti 12.6. Iwashe, pandisha mzunguko hadi 5,000 kwa dakika, weka mita kwenye betri: unataka kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, haichaji. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia na betri inachemka.

Kisha omba kiti kifunguliwe, tafuta soketi ya zile nyaya tatu, uichomoe injini ikiwa imezimwa. Hapa ndipo nataka utumie muda. Plastiki safi na vidole vya shaba vinavyong'aa, endelea. Ukiona rangi ya kahawia, plastiki iliyokunjamana, waya uliokakamaa karibu na kidole kimoja, au harufu ya kuungua, mfumo huo umeshakuwa na joto kali, hata kama mita imesoma vizuri leo. Wengine wanakata soketi iliyoungua na kuunga nyaya moja kwa moja kwa risasi. Kazi yenyewe si mbaya, ila ni ushahidi kwamba tatizo lilikuwepo.

Soketi ikiwa bado imechomolewa, pima mwendelezo, yaani kama umeme unapita, kati ya kila waya wa koili na chuma cha injini. Usipatikane kabisa, ukipatikana, koili imeshorti. Halafu washa injini, weka mita kwenye AC, pima waya kwa waya, jozi zote tatu. Usomaji wa jozi zote uwe sawa au karibu sawa. Jozi moja ikisoma chini sana kuliko nyingine, koili imeungua, na kwenye pikipiki nyingi kuibadilisha maana yake ni kufungua kava ya injini, gasketi mpya na oili.

Muuzaji mjanja anachaji betri kwa umeme wa ukutani usiku kucha kabla hujafika. Pikipiki itawaka kwa kugusa swichi. Ndiyo maana kuwaka hakunishawishi, nasoma mita.

Na usijidanganye kwamba utaisukuma iwake. Hizi ni injini za kudunga mafuta kwa pampu ya umeme. Betri ikifa kabisa, pampu haifanyi kazi, kompyuta ya injini haifanyi kazi, na utasukuma hadi uchoke.

Jina la kampuni lina uzito gani

Lina uzito, na ninaupima kwa namba. Mwaka 2015 jarida la Marekani la Consumer Reports lilichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu pikipiki za 2008 hadi 2014. Makadirio ya pikipiki zilizoharibika kufikia mwaka wa nne yalikuwa hivi: Yamaha asilimia 11, Suzuki na Honda 12, Kawasaki 15. Harley-Davidson 26, Triumph 29, Ducati 33, BMW 40. Namba hizo zimeshazeeka, na modeli zimebadilika. Lakini pengo kati ya Wajapani wanne na wengine ni kubwa mno kwangu kulipuuza ninapomshauri mtu anayetoa akiba yake.

Kuna kitu kingine ninachokipima kuliko jina: injini ina ndugu wangapi. Injini iliyofungwa kwenye modeli tano tofauti inakupa koili, rektifaya na soketi kutoka kwenye pikipiki tano zilizochinjwa kwa spea, na mafundi walioizoea. Injini iliyozaliwa kwa modeli moja ikakoma inakuacha na spea za kuagiza na kusubiri.

Mpangilio wangu

Ya kwanza ni Honda CB500X, na nasema hivi nikijua kwamba Yamaha imeishinda Honda kwa asilimia moja kwenye hesabu ya hapo juu. Asilimia moja hainitoi kwa Honda. Hii ni injini ya silinda mbili, cc 471, farasi 47, iliyoanza 2013 pamoja na CB500F na CBR500R, na baadaye ikaingia kwenye Rebel 500. Haikamuliwi hata kidogo, na injini isiyokamuliwa inadumu. Toleo la 2019 lilipata gurudumu la mbele la inchi 19, na la 2022 likapata diski mbili za breki mbele na foki za kupindua. Ukiipata ya 2022 au 2023 yenye soketi safi, usiiache. Mwaka 2024 jina lilibadilika kuwa NX500, ikaja na skrini ya rangi na udhibiti wa kuteleza. Ni nzuri, ila mimi bado ningeichukua ile ya kabla yake, kwa sababu kila kifaa cha umeme kinachoongezwa kinakula umeme wa koili zile zile.

Honda nayo haijawa safi siku zote. VFR za miaka ya nyuma zilijulikana kila mahali kwa kuunguza rektifaya, na waliozipenda walijifunza kutembea na ya akiba. Nalitaja hili kwa sababu ninaipenda kampuni hii, na sitaki mtu anunue jina akaacha kupima.

Ya pili ni Suzuki V-Strom 650. Injini yenye silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, ya cc 645, ina asili yake kwenye SV650 ya 1999, na V-Strom yenyewe ilianza 2004. Ndugu zake ni wengi na mafundi wanaijua kwa moyo. Tanki la lita 20, au 22 kwenye zile za kabla ya 2012, linakupeleka mbali. Ukichukua za 2004 hadi 2011, panga tangu mwanzo kubadilisha rektifaya na kusafisha kila soketi. Umri wake peke yake ni sababu tosha.

Ya tatu, Kawasaki Versys 650. Cc 649, familia moja na ER-6, Ninja 650, Z650 na Vulcan S. Tangu 2015 tanki ni lita 21. Inatetema kidogo kwenye mzunguko wa kati na magurudumu yake ya inchi 17 hayapendi mashimo, lakini kwenye lami inakwenda siku nzima.

Yamaha nimeiweka ya nne, na najua nitabishiwa. Injini ya CP2 ya cc 689, ile ya MT-07, Tracer 700, XSR700 na Ténéré 700, ni hodari, na valvu zake zinakaguliwa kila kilomita 40,000 tu. MT-07 ingekuwa juu zaidi kama watu hawangeilazimisha kubeba masanduku na abiria. Ténéré ni pikipiki ya matope na mchanga: kiti kiko milimita 875 kutoka chini, tanki lita 16. Kama njia yako ni ya matope, ipandishe hadi ya kwanza.

Nje ya Japani, mbadala ninaouheshimu ni Royal Enfield. Interceptor 650 ya 2018 ina injini ya cc 648 inayopozwa kwa hewa na oili, na valvu zake zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ambayo fundi yeyote makini anaiweza. Himalayan 450 ni ya kisasa zaidi, cc 452, inapozwa kwa maji. KTM 390 Adventure ni nyepesi na inafurahisha, ila kampuni iliingia kwenye ufilisi wa kujisimamia (wakuu wake wanabaki kuiendesha chini ya uangalizi) Novemba 2024 na ikaokolewa mwaka uliofuata kwa pesa za Bajaj. Kabla ya kulipa, hakikisha spea ziko kabatini kwa muuzaji, usikubali ziwe kwenye ahadi. BMW G 310 GS ya cc 313 ni ndogo kwa kazi tunayoizungumzia.

Za bei rahisi? CFMoto 450MT, cc 449, ndiyo pekee ningeitazama mara mbili. Zilizobaki sina la kusema.

Wauzaji wa spea

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba sehemu hii inayokufa mara kwa mara ndiyo wauzaji wanayoifanyia biashara mbaya zaidi. Unaomba koili, unaambiwa ni lazima ununue na kava. Unaomba soketi, kitu cha plastiki cha kukaa kiganjani, unaambiwa haiuzwi peke yake, nunua mkanda mzima wa nyaya. Waranti inakubali injini ambayo haiharibiki na inakataa betri iliyouawa na rektifaya yao. Wanaweka masanduku ya alumini dukani mbele, yamepangwa na kung'arishwa, na hakuna hata mmoja aliyeweka rektifaya ya akiba kabatini. Muulize swali hilo siku ya kununua, kabla hujatoa hata senti: koili ya chaji ya modeli hii unayo, na itanichukua siku ngapi kuipata?

Na Shindengen bandia zimejaa. Jina na namba vinapigwa chapa vizuri tu, lakini ndani hakuna kitu. Kama huwezi kuthibitisha ilikotoka, ni afadhali rektifaya iliyovuliwa kwenye pikipiki iliyogongwa ya modeli ile ile, ukaipima volti mbele ya aliyeivua, kuliko mpya ndani ya boksi lisilo na mwenyewe. Ukiifunga, sugua chuma inapokaa mpaka kiwe kitupu, paka grisi ya kupitisha joto, na uielekeze mahali upepo unapopita.