Hifadhi ya mtandaoni: ipi ulipie, ipi utumie bure, ipi uiache

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 foleni ya dukani kwangu ilitoka nje ya mlango. Jana yake nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika, na intaneti ikawa inatambaa. Nina steshenari Morogoro, karibu na chuo, na wanafunzi walikuwa wanakabidhi ripoti wiki ile. Mtu anafika kaunta, anafungua simu, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, faili halifunguki. "Dada, jaribu na ya kwako." Ya kwangu nayo hivyo hivyo. Waliochapisha asubuhi ile ni wenye flashi, pamoja na wasichana wawili waliokuwa wamewasha alama ya kuliweka faili ndani ya simu ili lifunguke bila mtandao. Wengine walisubiri mpaka jioni, na wengine wakaondoka mikono mitupu.

Tangu siku hiyo, mteja akiniuliza anunue hifadhi gani ya mtandaoni, yaani nafasi ya kuweka mafaili yake kwenye intaneti, sianzi na GB. Namuuliza hivi: bando likikata, simu ikiibwa, au laini ikifungwa, faili lako utalipataje? Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo. Bei nitakazotaja ni za dola kama zinavyotozwa Marekani. Ukiingia kwa akaunti ya hapa kwetu, programu itakuonyesha bei ya kwetu, na hiyo ndiyo ya kuifuata.

Kabla ya kulipa chochote, pima mzigo wako. Picha ya simu ya kawaida ni kama MB 3, kwa hiyo GB 15 zinabeba picha 5,000 hivi. Ripoti ya Word yenye majedwali na picha chache haizidi MB 10. Mwanafunzi, mwalimu, katibu wa kikundi, hawa wote wanaweza kukaa miaka bila kulipa hata shilingi. Anayehitaji kulipa ni mwenye video, au mwenye familia ambayo picha zake zimejaa simu tatu.

Pima na bando. Kupakia GB 1 kunakula GB 1 ya bando, na kuipakua tena kunakula nyingine. Mpiga video mmoja wa harusi alikuja kuniuliza kuhusu mpango wa TB 2 (TB 1 ni kama GB 1,000) ili apandishe kazi zake zote. Tukapiga hesabu pale kaunta kwa kikokotoo: harusi moja GB 60, mtandao wake unapandisha megabiti 5 kwa sekunde (megabiti 8 ndiyo MB 1). Ikatoka zaidi ya saa 26, bila kukatika hata mara moja. Akanunua diski ya nje, na mtandaoni akawa anaweka ile video iliyokwisha kuhaririwa tu. Kama video ndiyo kazi yako, fanya hesabu hiyo kwanza.

Nafasi ya kwanza: Google Drive

Naiweka juu kwa sababu moja kubwa: karibu kila mwenye simu ya Android tayari ana akaunti yake, kwa hiyo unayemtumia linki hahitaji kujisajili popote. Unapewa GB 15 bure, nyingi kuliko za Microsoft, Apple au Dropbox. Ila ziangalie vizuri. GB hizo wanagawana barua pepe za Gmail, picha za Google Photos na mafaili ya Drive. Zamani picha zilizopunguzwa ubora zilikuwa hazihesabiwi, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 zinahesabiwa. Siku hizi hata nakala ya WhatsApp ya simu ya Android inaingia humo humo. Wateja wengi wanaoniambia "Drive imejaa" hawana faili hata moja la maana kule. Kilichojaza ni video za magrupu ya WhatsApp. Ikijaa kabisa, Gmail inaacha kupokea barua, na hapo ndipo mtu anakosa barua ya kuitwa kwenye usaili bila kujua kwa nini.

Kwa hiyo kabla hujalipa, ingia kwenye mipangilio ya nakala ya WhatsApp, zima video, kisha futa video kubwa kwenye Google Photos. Bado imejaa? Sasa lipia. Mpango wa GB 100 ni dola 1.99 kwa mwezi na unaweza kugawana na ndugu watano, kila mmoja akabaki na faili zake bila mwingine kuziona. Nyumba nyingi hizo zinatosha.

Tatizo linaloniletea watu wengi zaidi kuliko yote ni la kutuma linki. Mwanafunzi anamtumia msimamizi wake linki saa nne usiku, analala kwa amani. Asubuhi msimamizi anabofya, anaambiwa hana ruhusa, aombe. Ombi linaingia kwenye barua pepe ambayo mwanafunzi haifungui mpaka wiki ijayo. Faili jipya la Drive linazaliwa likiwa limefungwa, na kunakili linki hakulifungui. Bonyeza sehemu ya kushiriki, badilisha iwe yeyote mwenye linki, chagua awe mtazamaji tu, halafu fungua linki hiyo kwenye dirisha la faragha la kivinjari ambako hujaingia na akaunti yako. Ikifunguka hapo, itafunguka kwa msimamizi. Inachukua nusu dakika, na nimewaona watu wazima wakitokwa machozi kwa kutoifanya.

Vitambulisho vya watu usiviweke kwa mtindo huo. Nimewahi kuona orodha ya kikundi cha mikopo, ina namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na picha za wanachama, iko wazi kwa yeyote mwenye linki, na linki yenyewe imezunguka kwenye magrupu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Katibu anayeshika taarifa za wenzake ana deni kwao. Faili la namna hiyo wape watu kwa barua pepe zao, mmoja mmoja.

Jambo la mwisho kuhusu Google: akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Kama ulimfungulia marehemu baba akaunti ya picha, au una akaunti yako ya zamani ya Gmail, ingia humo mara moja moja.

Nafasi ya pili: OneDrive, lakini ya kulipia

OneDrive ni ya Microsoft, na ya bure ni GB 5 tu, na kwa hizo nisingekushauri uhangaike. Inapopanda ni kwenye mpango wa familia wa Microsoft 365. Mnalipa dola 129.99 kwa mwaka, mnakuwa hadi watu sita, na kila mmoja anapata TB 1 yake pamoja na Word, Excel na PowerPoint halali. Gawanya kwa sita: haifiki dola 22 kwa mtu kwa mwaka mzima. Kwa fedha inayokaribiana na hiyo Google wanakupa GB 100. Familia yenye watoto wawili chuoni, baba anayeandika ripoti za kazini na mama mwenye mahesabu ya duka, nunueni hii na msiangalie pembeni.

Ninapouza huduma ya kuchapa naona faida nyingine. Faili la Word likifunguliwa kwenye programu nyingine, jedwali linahama, namba za kurasa zinapotea, na mwanafunzi anaanza kupanga upya saa mbili kabla ya kukabidhi. Mwenye OneDrive anafungua kwenye Word yenyewe na linakaa kama alivyoliacha.

Angalia kitu kimoja kwenye kompyuta. OneDrive inaweza kuhamishia folda ya Desktop na ya Documents mtandaoni bila wewe kuelewa kilichotokea, na mafaili yenye alama ya wingu hayako kwenye mashine. Yanashuka pale unapoyafungua. Mtandao ukiwa umekatika, hayafunguki. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda ya kazi zako, chagua ibaki kwenye kifaa daima. Fanya hivyo leo, mtandao ukiwa mzima.

Nafasi ya tatu: MEGA

GB 20 za bure, na kila kitu kinafungwa kwa ufunguo kabla hakijatoka kwenye kifaa chako, kiasi kwamba hata wenye kampuni, iliyoko New Zealand, hawawezi kukisoma. Kwa mwanasheria, mshauri nasaha, mwandishi wa habari au katibu wa kikundi niliyemtaja, hii ndiyo yangu ya kwanza. Iko ya tatu kwa sababu ya jambo hilo hilo: ukisahau nenosiri, hakuna wa kukusaidia. Siku unapojisajili wanakupa ufunguo wa kurejesha. Uchapishe. Wanaokuja kwangu wakiwa wamesahau nenosiri na hawana ufunguo, ninachoweza kuwapa ni pole.

Akaunti ya bure ina kikomo cha kupakua kwa kipindi, kwa hiyo unayemtumia video kubwa anaweza kusimamishwa katikati na kuambiwa asubiri. Na kumbuka ilivyozaliwa. Ilianza tarehe 19 Januari 2013, mwaka mmoja kamili baada ya Megaupload, huduma ya kuhifadhi mafaili ya mwanzilishi yule yule, kufungwa na serikali ya Marekani. Siku ile waliopoteza mafaili hawakuwa wezi wa filamu peke yao, kulikuwa na watu waliohifadhi kazi zao halali humo. Mwenye nakala moja tu, popote pale, yuko kwenye hatari hiyo.

Nafasi ya nne: Dropbox

Drew Houston, mwanzilishi wa Dropbox, husimulia kwamba wazo lilimjia akiwa kwenye basi kutoka Boston kwenda New York, kagundua flashi kaisahau nyumbani. Mtu yeyote aliyewahi kushuka daladala na kukumbuka flashi iko kwenye kompyuta ya watu anamwelewa. Huduma hii ni nzuri sana kwa anayebadilisha faili kubwa kila siku, mchoraji wa ramani au mhariri wa kitabu, kwa kuwa faili linakatwa vipande na kinachopanda ni kile kipande kilichobadilika. Kwa bando la kupimiwa hilo ni jambo kubwa. Pia unaweza kumwomba mtu faili, naye akalileta moja kwa moja kwenye folda yako bila kuwa na akaunti. Walimu wanaokusanya kazi za wanafunzi wanaipenda kwa hilo.

Lakini bure ni GB 2 na vifaa vitatu tu, na ukitaka kulipa, mpango wa chini wa mtu mmoja ni TB 2 kwa karibu dola 10 hadi 12 kwa mwezi. Mtu wa GB 50 hana ngazi yake hapo. Ndiyo maana imeshuka mpaka ya nne.

Nafasi ya tano: iCloud

Nyumba yenu nzima ina iPhone? Lipia GB 50 za iCloud, hifadhi ya Apple, kwa dola 0.99 kwa mwezi, mambo yaishe. Kuna simu moja ya Android humo ndani? Rudi juu kwenye Google.

Zile za TB 1 bure

Wanafunzi wengi wanaitumia TeraBox kwa ajili ya ile TB 1. Kwa filamu na nyimbo unazoweza kuzipata tena, itumie ukiweza kuvumilia matangazo. Vyeti, tasnifu na picha za mtoto visikae huko peke yake.

Kulipa

Nyingi zinataka kadi ya Visa au Mastercard. Asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, Kenya na Tanzania zote. Weka fedha humo siku mbili tatu kabla ya tarehe ya kukatwa. Kama mfuko wako haueleweki mwezi hadi mwezi, lipia mwaka mzima ukipata, kwa sababu ukishindwa kulipa huwezi kuongeza faili jipya, na mwisho wake hata yaliyopo yanaweza kufutwa.

Siku ile ile unayolipa

Akaunti nyingi zinakulinda kwa namba ya kuthibitisha inayotumwa kwenye laini. Simu ikiibwa, laini imeenda nayo. Laini usiyoitumia muda mrefu inafungwa na kupewa mtu mwingine. Google wanakupa misimbo 10 ya akiba ya kutumia badala ya namba hiyo, kila mmoja una tarakimu 8, ipo kwenye mipangilio ya usalama. Ninaichapisha kwa wateja kwenye karatasi moja, wanakaa wenyewe kwenye kompyuta, mimi nageuka pembeni, na faili linafutwa mbele yao. Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliiweka karatasi yake pamoja na cheti cha kuzaliwa nyumbani kwao Ifakara. Simu yake iliibwa stendi ya Msamvu wiki mbili kabla ya kukabidhi. Alimpigia mama yake kwa simu yangu, mama akamsomea tarakimu nane polepole, mbili mbili, na yeye anaandika. Tasnifu ikafunguka. Tukaichapisha nakala tatu, na ya nne akaibeba kwenye flashi.