Walichuna ubao wangu wa zamani mbele ya macho yangu

Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Wiki zimepita na haijapoa, basi naandika nayo hivyohivyo.

Kwa wasiocheza mpira wa meza niseme kidogo. Raketi ya mchezaji hainunuliwi nzima kama sufuria. Unanunua ubao wenye mpini, unanunua raba mbili za pande zake, unabandika mwenyewe. Raba zinachakaa, unabadilisha. Ubao unakaa nao miaka, jasho lako linaingia kwenye mpini, unaupiga msasa pale kidole gumba kinapolala, mpaka ukiushika gizani unajua ni wako. Wangu ulikuwa Timo Boll Spirit, na siku nyingi sasa hautengenezwi tena. Mtengenezaji simlaumu. Boll mwenyewe, mchezaji ambaye ubao ulipewa jina lake, aliyekuwa namba moja duniani 2003, ameshaaga Olimpiki kule Paris 2024, nani ategemee ubao wake wa ujana utengenezwe milele? Mrithi wake anaitwa Timo Boll ALC, na ukisoma maelezo ni pacha: mti wa koto kwa nje, chini yake nyuzi za arylate na kaboni (ndiyo hiyo ALC), halafu mti wa limba, na katikati mti wa kiri.

Wangu ulianza kulia vibaya karibu na mpini. Ukiugonga kwa kidole unatoa sauti ya chungu chenye ufa. Kwenye fohendi, pigo la upande wa kiganja, bado ulikuwa mzima kabisa, ndiyo maana niliamua kutafuta mwingine mapema, huu wa zamani niuweke wa akiba. Nikaenda kwenye duka moja la vifaa vya michezo hapa Dar, silitaji, na nikabeba vitu viwili: ubao wangu na mizani ndogo ya jikoni.

Mizani nilibeba kwa sababu mbao za aina moja, zenye jina moja, hazilingani uzito. Ni miti hiyo. Mmoja unatoka mwepesi, mwenzake unamzidi gramu saba au nane, na gramu hizo ukicheza saa mbili bega linazihesabu zote. Wangu najua ulikuwa gramu 84 bila raba. Nilitaka kupima mipya, na kuupima wangu tena pale pale ili nihakikishe mizani haidanganyi.

Sasa sikilizeni.

Ili kuupima lazima utoe raba. Nikamwambia kijana wa kaunta, kwa Kiswahili kinachoeleweka, raba nitatoa mwenyewe, polepole, nipe tu nafasi hapo pembeni. Kijana hakunisalimia nilipoingia, sikujali, siku hizi shikamoo tunaidai kama deni. Akasema sawa mzee. Nikageuka kuangalia maboksi aliyokuwa anashusha mwenzake. Nikasikia krrrraa, nikageuka haraka.

Mtu yeyote aliyewahi kubandua raba anaijua sauti ile. Tangu zile gundi kali za zamani zipigwe marufuku 2008 tunatumia gundi ya maji, na gundi ya maji ikishakaa inang'ang'ania. Kubandua kunataka subira: unakunja raba, unaivuta ikiwa imelala, dole gumba la mkono mwingine linakandamiza mti, na ukiona kibanzi kinainuka unaacha, unaanzia upande wa pili. Yeye aliikamata pembeni mwa mpini akaivuta juu kama anatoa karatasi ya kioo cha simu. Mkono mmoja! Mwingine umeshika simu yenyewe.

Niliugeuza ubao. Upande wa fohendi, katikati kabisa pale mpira unapogonga, palikuwa na mtaro mrefu kama kidole changu cha shahada, mpana kama ukucha. Koto yake nikaikuta mgongoni mwa raba, imeng'ang'ania sponji, nyuzi zake za mti zinaonekana moja moja, rangi ya asali kwa sababu upande ule haujawahi kuona jasho wala vumbi tangu siku ulipotengenezwa. Nilikuwa nauona ubao wangu kwa ndani kwa mara ya kwanza.

Kijana akasema, "Mzee, si unanunua mpya? Huu wa nini tena?"

Mwenye duka alikuwa amekaa pale nyuma. Hakuinua hata kichwa. "Ulikuwa umeshaoza huo."

Basi. Hakuna samahani, hakuna pole, hakuna "ngoja tuone tutakusaidiaje". Neno samahani linagharimu shilingi ngapi? Ningelipewa pale pale nisingekuwa naandika haya. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikakunja raba na kile kibanzi ndani ya gazeti nikaanza kuondoka.

Nikarudi. Nisiwafiche, nilirudi, kwa sababu kwingine kote nilikopita kulikuwa na raketi za kuchezea watoto tu, zilizobandikwa tayari, na pale zilikuwepo mbao tatu za ALC zenye mpini uliotanuka mwishoni kama wangu. Na niwe mkweli, wamefungua maboksi yote matatu bila kunung'unika na kuniacha nipime. 86, 88, 91. Duka nyingine wangesema chukua ulichopewa. Nikazigonga moja moja karibu na sikio. Ule wa 86 ulikuwa na sauti ya chini kidogo kuliko wenzake, imetulia, na hiyo kwangu ndiyo dalili ya ubao usio mkavu sana mkononi. Nikauchukua. Zaidi ya laki tano zikatoka.

Hapo wakataka kunibandikia raba nene, ngumu, "siku hizi wote wanatumia hizi, mpira umebadilika". Kuhusu mpira hawakosei. Tangu 2014 mpira ni wa plastiki, ule wa seluloidi umetupwa, na huu mpya haukubali kuzunguka kama ule. Lakini mtu anapopoteza ubao aliouzoea asibadilishe na raba siku hiyo hiyo! Ukibadilisha vyote viwili, mpira ukitoka nje hujui umlaumu nani. Nikabandika raba aina ile ile niliyokuwa nayo, unene ule ule. Ushauri huu nampa kila anayepitia hali yangu, na dukani pale hakuna aliyenipa.

Mchezo wenyewe sasa. Wiki ya kwanza niliuchukia. Mpini ni mnene kuliko wangu, kidole cha shahada hakijui kilale wapi, na kila nikizuia mpira wa kasi unapita mwisho wa meza kwa upana wa kiganja. Kiganja kile kile kila mara. Wenzangu ukumbini wakasema pacha ni pacha, tatizo ni moyo wako bado uko kwenye ule wa zamani. Nikawakatalia. Nilikuwa nimeshaandika tathmini yangu kichwani: nyota moja, kila kitu, ubao na duka na aliyeuuza.

Nikaupiga msasa mpini, kidogo kidogo, jioni tatu. Halafu siku moja, tunacheza na yule jamaa yangu anayenifunga kila juma kwa bekihendi, pigo la upande wa mgongo wa mkono, akanitumia mpira mrefu wenye mzunguko mwingi, nikafungua bekihendi bila kufikiri. Mpira ulizama kwenye raba, ukakaa pale kiasi nikausikia mpaka kwenye kifundo cha mkono, kisha ukaondoka chini sana juu ya wavu na kudondoka kwenye kona. Alisimama akauangalia. Nikarudia. Ukaingia tena. Ule wa zamani haukuwahi kunipa mpira ule. Naandika hivi na inaniuma, lakini ndivyo ilivyo, na ubao huu siwezi tena kuupa nyota moja. Ni mzuri. Kwa bekihendi ni mzuri kuliko ule.

Na hapo ndipo hasira inaporudi upya, kwa sababu huduma ilihitaji kitu kidogo tu ili niwasifie hadharani. Walikuwa na bidhaa halisi, walikuwa na uvumilivu wa kupima, na wakaviharibu vyote kwa mkono mmoja na maneno mawili. Duka siwezi kulipatia hata nusu nyota. Sijui, labda nusu, kwa ajili ya yale maboksi matatu.

Ule wa zamani nimeutengeneza. Kibanzi nilikitoa kwenye sponji kwa wembe, kilikatika vipande vinne, nikavipanga kwenye mtaro wake kwa gundi ya mbao, nikaweka karatasi ya nailoni na vitabu vizito juu yake usiku kucha, kisha msasa laini na vanishi nyembamba. Vanishi ile nimeupaka na ule mpya, pande zote mbili, na nakusihi nawe upake wako kabla ya kubandika raba ya kwanza, ili mti usichunike raba ikibanduliwa. Nikipitisha kidole kwenye ule wa zamani bado nausikia ule mstari.

Raba hizi zikichakaa nitaenda tena dukani kwao, maana kwingine sijapata. Ubao nitauacha nyumbani.