Guillain au Brazza: tuanze na yupi?

Wapenda historia huulizana: kati ya wanamaji wa Ufaransa waliogeuka wanadiplomasia Afrika, tumsome kwanza Charles Guillain au Pierre Savorgnan de Brazza?

Kwa habari za pwani yetu, Guillain hana mpinzani. Mwaka 1846 hadi 1848 alizunguka na meli Ducouëdic, akafika Unguja, Mombasa na Mogadishu, akiandika habari za biashara, miji na watawala. Albamu ya michoro ya safari hiyo pekee ni hazina. Ila juzuu zake tatu za Kifaransa zinadai subira, na tukumbuke aliyemtuma alitaka masoko.

Brazza ni mwepesi kumfuatilia. Mkataba wake na Makoko, mfalme wa Wateke, 1880, uliifungulia Ufaransa njia ya Kongo. Brazzaville ina jina lake hadi leo. Kinachoniumiza ni mwaka 1905: alitumwa kuchunguza ukatili dhidi ya Waafrika huko huko Kongo, akafariki Dakar akirejea, na ripoti ikafungiwa miaka mingi.

Unayetafiti Waswahili wa karne ya 19, mchukue Guillain. Unayetaka kujua ukoloni ulivyojengwa na kufichwa, Brazza.