Ryzen 5 5600G bila kadi ya picha: uzoefu wangu hapa Kigoma

Kama unataka kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu na hela ya kadi ya picha huna, jibu langu ni fupi: chukua Ryzen 5 5600G, prosesa ya AMD yenye grafiksi ndani, ila usiinunue kabla hujapata hela ya vipande viwili vya RAM (memori ya kompyuta). Hilo la RAM ndilo lililonifanya niandike, maana madukani huku hulisikii mpaka uulize, na hata ukiuliza wapo watakaokubishia.

Kadi ya picha niliiacha mapema. Za used zinazofika Mwanga, hapa Kigoma mjini, hujui zimetokea wapi wala zimepigishwa kazi gani, na ikikufia unabaki kumpigia simu muuzaji aliyeko Kariakoo. Juu ya hapo inataka pawasaplai yenye nguvu zaidi. Nikaona nitafute prosesa yenye grafiksi humohumo ndani, setingi nishushe, maisha yaendelee.

Fundi wangu alikuwa upande wa Intel, i3-12100. Si prosesa mbaya hata kidogo. Ni ya 2022, kori zake 4 (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) zina kasi, na siku ukiweka kadi itakufikisha mbali. Tatizo ni UHD 730, grafiksi iliyomo ndani: kwa video na kazi za ofisi inatosha, kwenye gemu Vega, grafiksi ya AMD iliyomo kwenye 5600G, inaiacha mbali. Tena chunga herufi. i3-12100F haina grafiksi kabisa, ukiifunga bila kadi skrini inabaki nyeusi. Kwa AMD wa kizazi hiki herufi ya kutafuta ni G. Ryzen 5 5500 na 5600X ni za soketi ya AM4 (tundu la prosesa kwenye mazabodi) kama yangu, lakini hazina grafiksi. Zisizo na grafiksi mara nyingi bei yake iko chini kidogo, na hapo ndipo watu wanaponaswa.

Iliyonitia tamaa ni Ryzen 3 3200G, ya AMD pia. Ilitoka 2019 kwa dola 99, na ukisoma boksi lake unakuta vitengo 8 vya Vega wakati 5600G ina 7. Ila vile 7 vinakwenda hadi MHz 1900, vya 3200G ni 1250. Kori zake nazo ni 4 zenye nyuzi 4 tu (nyuzi ni kazi inazoshika kwa mpigo), na magemu ya sasa yanazimaliza zote. 5600G ina kori 6 na nyuzi 12. Hii ilizinduliwa madukani Agosti 2021 kwa dola 259, na tangu hapo bei imeshuka sana. Ya shilingi siitaji, Kariakoo leo hivi kesho vile.

Sasa RAM. Kadi ya picha huja na memori yake yenyewe. Grafiksi ya ndani haina. Inakula sahani moja na prosesa, yaani RAM ile ile. Kipande kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha kama GB 25.6 kwa sekunde, na vipande viwili kwenye chaneli mbili (njia mbili za data) vinapitisha 51.2. Muuzaji alinishawishi nichukue kimoja cha GB 16, eti nafasi nyingine nitaijaza baadaye. Nikakataa, nikachukua viwili vya GB 8. Baadaye, kwa udadisi tu, nilichomoa kimoja nikafungua GTA V: gemu lile lile, setingi zile zile, mchezo ukawa mzito, ukigeuza gari mtaani picha inakatakata. Nikarudisha kipande, ukalainika. Kwenye baadhi ya magemu unapoteza theluthi nzima ya fremu (picha zinazopita kila sekunde), wakati mwingine zaidi. Hiyo ni tofauti ya prosesa na prosesa, na umeipata kwa kugawa RAM ile ile mara mbili.

Halafu ingia BIOS, menyu ya setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka. RAM iliyoandikwa 3200 huweza kuanza na 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP, setingi ya kuipa kasi yake kamili, na kuna mazabodi zinaiita DOCP. Humo humo unaweza kuitengea grafiksi GB 2. Ndiyo maana jumla ya GB 8 siishauri: ukitoa 2, Windows na gemu vinagombania 6.

Kwa kucheza, nimeridhika. GTA V kwa 1080p na setingi za kawaida inapita fremu 60 kwa sekunde. Valorant inateleza, inapita 100 bila jasho. Cyberpunk 2077 nimeigusa: 720p, kila kitu chini, fremu zikizunguka 30, nikaifunga. Mzigo mzito kwangu ulikuwa kuyapata magemu yenyewe. GTA V peke yake ni karibu GB 100, kwa bando la simu hapa ni kilio. Rafiki yangu wa Gungu, mtaa wa hapa Kigoma, ana Steam (duka la magemu la mtandaoni), nikanakili folda kutoka kwenye diski yake, nami nikaingia na akaunti yangu niliyolipia. Steam ikakagua mafaili na kupakua kidogo tu kilichopungua.

Umeme ukikatika, faida ya kukosa kadi unaiona. Prosesa imepangiwa wati 65, UPS ndogo inanipa muda wa kuseva na kuzima kwa utulivu. Feni iliyokuja nayo inatosha, japo mchana wa joto inapiga kelele. Ulizia ya boksi, si ya tray (inayouzwa bila boksi), kwa sababu ya tray haina feni. Na kama mazabodi ni ya aina ya B450, ya zamani, muuzaji athibitishe BIOS imeshasasishwa kabla hujalipa, la sivyo haitawaka.

Kasoro ipo: kashe ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16, nusu ya 5600X, na PCIe, njia ya kadi ya picha, inaishia 3.0. Siku nikiweka kadi nzuri nitaachwa nyuma kidogo.

Mtoto wa dada yangu kule Ujiji anaitaka Ryzen 5 8600G ya 2024. Radeon 760M, grafiksi yake ya ndani, inaipita Vega yangu mbali, sibishi. Nimemwambia aulizie kwanza bei ya mazabodi ya soketi mpya ya AM5 na RAM ya DDR5, tena vipande viwili. Kama hela inafika, aende nayo hiyo, maana kwenye AM4 prosesa zote zenye grafiksi zinaishia kwenye hizi hizi Vega.