About Time (2013): tumeiangalia watu wanne, tumetoka na kesi nne

Jumamosi umeme umerudi saa mbili usiku, king'amuzi kifurushi kimeisha tangu Alhamisi, mdogo wangu akachomeka flashi kwenye tivii akasema humu kuna muvi ya mapenzi ila ina mambo ya kurudi nyuma kwenye muda, mtaipenda. Mimi nikajua ndo yale yale ya mashine zinatoa moshi na watu wamevaa nguo za bati. Wala. Ni About Time ya Waingereza, kaiandika na kuidairekti Richard Curtis, yule yule wa Love Actually, na Notting Hill pia aliiandika yeye, kwa hiyo kama umeshaona hizo unajua kabisa unachoendea: watu wanaongea kwa aibu aibu, mvua inanyesha, kuna harusi, na kuna sehemu utalia utake usitake.

Tulikuwa mimi, mama, huyo mdogo wangu ambaye yuko chuo mwaka wa pili na muvi zote duniani anazijua yeye, na jirani yetu mama Zuu aliyekuja kuchaji simu akakaa mpaka mwisho. Mama Kiingereza cha haraka haraka hakimpandi, subtaito za Kiswahili hamna, basi dijei wa kutafsiri nikawa mimi, na naomba niseme mapema kwamba kutafsiri muvi mbele ya mama ako ni kazi ngumu maana kuna vipande unavirukia tu unasema "hapo wanaongea ongea".

Stelingi anaitwa Tim, anachezwa na Domhnall Gleeson, kijana wa miaka 21, mrefu, mwembamba, nywele nyekundu, swaga hana hata ya kuazima. Anaishi na wazazi wake, dada yake Kit Kat na mjomba Desmond ambaye anavaa suti safi muda wote na hakumbuki kitu, kwenye jumba la kizamani kando ya bahari huko Cornwall, kusini magharibi ya Uingereza. Siku ya mwaka mpya baba yake anamwita pembeni anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuonyesha mipaka ya kiwanja, kwamba wanaume wa ukoo wao wanaweza kurudi nyuma kwenye muda. Unaingia sehemu yenye giza, kabatini au chooni, unakunja ngumi, unaiwaza siku unayoitaka, ushafika. Ni nyuma tu, mbele huendi, na unarudi kwenye maisha yako mwenyewe, kwa hiyo asije mtu akafikiria kwenda kumzuia mkoloni asishuke Bagamoyo.

Mama akaniambia ebu simamisha hapo. "Mwanaume anaingia kabatini, anakunja ngumi, anatoka mambo yamemnyookea? Huyo kachanjwa." Mama Zuu akadakia, "Tena ni ya ukoo hiyo, wanarithishana wanaume, wake zao wala hawajui." Mdogo wangu akaanza kuwaeleza kuhusu fizikia, hakuna aliyemsikiliza, na ukweli ni kwamba wale wamama wawili waliielewa hii muvi ndani ya dakika kumi kuliko sisi wote, nitaeleza mbele.

Sasa mtu kapewa uwezo kama huo unategemea atafute hela. Huyu anataka demu tu. Wa kwanza ni Charlotte, ambaye ni Margot Robbie wa mwaka ule ule aliotoka na The Wolf of Wall Street, kaja kukaa kwao likizo ya kiangazi. Tim anavumilia likizo nzima mpaka usiku wa mwisho ndo anagonga mlango, anaambiwa umechelewa, ungesema mapema. Fasta kabatini, anarudi nyuma katikati ya likizo, anasema mapema. Anaambiwa ebu subiri mpaka siku ya mwisho tuone. Mdogo wangu alicheka kicheko cha mtu ambaye yamemkuta na hatukumuuliza.

Halafu anahamia London kufanya kazi ya uwakili, anapanga kwa mwandishi mmoja wa michezo ya jukwaani mwenye hasira za bure (huyu anachekesha kuliko wote, kila akifungua mdomo ni kumlaani mtu), na hapo ndo inakuja sehemu ambayo kwangu mimi ni bora kwenye upande wa mapenzi. Wanaenda kwenye mgahawa wa giza, giza totoro, wahudumu wenyewe wasioona, huoni sahani wala unayeongea naye. Na dairekta hakufanya ujanja wa kuweka kamwanga kwa mbali, kioo cha tivii kinakuwa cheusi kabisa na unasikia sauti tu, vijiko, watu wanacheka, Tim na msichana wanataniana. Mama alishainuka kutafuta tochi. Nikamwambia mama kaa, umeme upo, ndo muvi. Wanatoka nje, unamwona Mary kwa mara ya kwanza wakati Tim naye anamwona kwa mara ya kwanza, Rachel McAdams nywele za mbele kazikata zinamwangukia kwenye paji la uso, ana gauni la kawaida na ana wasiwasi kama na yeye anakaguliwa, na unajikuta unatabasamu kama mjinga.

Namba anapewa. Ila usiku huo huo anakuta mwenye nyumba wake mchezo wake umeharibika, mwigizaji kasahau maneno jukwaani, Tim kwa roho nzuri anarudi nyuma kwenda kuokoa jahazi, anaokoa, anafungua simu, namba ya Mary haimo. Ukienda kwenye mchezo hukwenda mgahawani. Hapo nilipiga kelele peke yangu.

Kuhusu Rachel McAdams mwenyewe, kuna watu wanamtania na wana haki: kwenye The Time Traveler's Wife ya 2009 mume anasafiri kwenye muda, Midnight in Paris ya 2011 mchumba anasafiri kwenye muda, hapa tena, na yeye miaka yote hajapandishwa hata kituo kimoja.

Ila Mary anampata tena, na harusi yao ndo itakumaliza. Bibi harusi kavaa nyekundu, anaingia kanisani kwa wimbo wa Kitaliano, Il Mondo wa Jimmy Fontana, wakitoka nje ni dhoruba, mvua ya pembeni, maturubai yanang'oka, wageni wanakimbia, keki imelowa. Mama Zuu ambaye yuko kwenye kamati za harusi tangu nimjue alikuwa anaangalia yale maturubai kwa uchungu wa kweli, "walifunga kamba za nini hao".

Turudi kwenye kesi. Mdogo wangu hoja yake ni sheria za ule uchawi. Mwanzoni tunaambiwa ni wanaume tu. Halafu Kit Kat anapata ajali ya gari akiwa amelewa, baada ya kugombana na yule bwana ake wa hovyo, na Tim anamshika mkono anaingia naye kabatini wanarudi wote kufuta siku aliyokutana na huyo bwana. Kumbe mwanamke anaweza kubebwa! Wanarudi nyumbani, Tim anakuta mtoto wake wa kike hayupo, kuna wa kiume, maana ukigusa chochote kabla mtoto hajatungwa mimba anatungwa mwingine. Inabidi amwache dada yake apate ile ajali, apone mwenyewe polepole, ili binti arudi. Na anarudi yule yule, nywele kwa nywele, kivipi, muvi haisemi, inapita kama haijakuona. Mdogo wangu alikwama hapo mpaka asubuhi. Mimi sikujali sana, muvi hii ukiishikia rula inavunjika, ila kile kipande cha baba anasimama juu ya kitanda cha mtoto asiyemjua, mzuri tu, hana kosa, na anajua atamfuta, nilitafsiri hapo sauti ikanikatika.

Na sasa ukweli wenyewe, trela inakudanganya. Muvi hii mapenzi yake makubwa ni ya Tim na baba yake, Bill Nighy. Baba ambaye na yeye uwezo anao, na kautumia kusoma vitabu na kucheza mpira wa meza na mwanae. Hawahubiriani. Wanapiga kile kimpira, ta, ta, ta, wanatukanana kidogo. Baba anaumwa saratani, anakufa, ila Tim anaweza kurudi nyuma kumwona akitaka, msiba unatoka anaingia kabatini anamkuta mzee kakaa anasoma. Mpaka Mary anapotaka mtoto wa tatu. Akizaliwa tu, mlango umefungwa, hawezi tena kurudi kwa baba bila kumpoteza mtoto. Wanacheza mechi ya mwisho, na mzee anaelewa bila kuambiwa.

Sisi baba alikuwa mtu wa drafti. Vizibo vya soda, vingine vimegeuzwa, ubao kauchora mwenyewe kwa chaki barazani, na akikaribia kukula kete tatu kwa mpigo alikuwa anaanza kupiga mluzi, yaani unajua unaliwa ila hujui wapi. Hakuna aliyesema kitu sebuleni. Mdogo wangu akajifanya anaangalia chaji ya simu. Baadaye sana mama akasema yeye angerudi siku ile baba yenu anauza kiwanja cha Mbagala, akamfungie ndani. Tukacheka wote, hadi mama Zuu aliyekuwa anajifuta kwa ncha ya kanga.

Kama unataka alama naipa 8 kwa 10. Ni ndefu, saa mbili na dakika kadhaa, katikati kuna sehemu inazubaa, na watu wake wote wana nyumba nzuri na hakuna anayewaza kodi. Kama umefiwa na baba karibuni iache kwanza kwenye flashi. Kama unaangalia na wakwe, kuna kipande cha usiku wa kwanza wa Tim na Mary ambacho anakirudia rudia mpaka akipatie, hakioneshi mengi ila kila mtu anaelewa, rimoti kaa nayo wewe.

Hizo alama mbili nilizokata ni kesi ya mama, na sina utetezi. Tim hamwambii Mary. Wanaoana, wanazaa watatu, wanazika, mwanamke hajui kwamba ule usiku anaoukumbuka kama wa kwanza mwenzie ulikuwa wa tatu, hajui kwamba kuna jioni nzima waliyopendana gizani yeye kafutiwa. Muvi inalichukulia kama jambo dogo, hata mzaha haiwekei. Na mkono wa dada yake aliushika akampeleka, kwa hiyo kisingizio cha "wanawake hawawezi" kimeshakufa. Jumapili asubuhi nakaanga maandazi, mama yuko barazani anachambua mchicha, kimya, nikajua ameshasahau. Akaniuliza, "Yule mkewe mpaka mwisho hakuambiwa?" Nikamwambia hakuambiwa mama. Akaguna, akaendelea na mchicha.